Chupa ya Maji, Bomba la Sindano na Mvua ya Kwanza: Wanafunzi Wanapojifunza Kusoma Hali ya Hewa

Leo nataka kujibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi nikipita vijijini huku Kongwa: zile chupa zilizofungwa kwenye vigingi pale uwanja wa shule ni za nini? Wapo waliodhani ni mitego ya nzi. Mzee mmoja aliniuliza kama ni dawa, na ni ya nani. Si dawa mzee wangu, ni vipima mvua, na wenye navyo ni watoto wa darasa la sita na la saba.

Ila kabla ya habari za chupa, naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndo lililonipeleka pale shuleni.

Msimu wangu wa pili kazini, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, ilinyesha mvua usiku mmoja, na ilipiga bati vizuri. Asubuhi ardhi ilikuwa inanukia, watoto wanaokota kumbikumbi, kila mtu anacheka. Nikapita nyumba kwa nyumba na pikipiki nawaambia watu wapande, msimu umefika. Sikupima kitu. Sikuchimba hata kidole kimoja kuona unyevu umeshuka kiasi gani. Baada ya hapo jua likawaka siku kumi na saba mfululizo. Alizeti iliota, ikasimama na vijani viwili, ikaungua. Mama mmoja alikuwa amepanda ekari mbili kwa mbegu ya kununua, hela ameikopa kikoba. Nilipopita tena alikuwa amekaa mlangoni anachambua mlenda. Hakunitukana. Alisema tu, "Bwana shamba, si wewe ulisema?"

Nina stashahada ya kilimo. Chuoni nilifundishwa vipimo vyote hivi na mtihani nikafaulu. Lakini siku ile nilifanya kama mtu yeyote aliyesikia bati likilia. Bati likilia sana haimaanishi mvua ni nyingi. Matone makubwa ya dakika kumi na tano yanaweza kukutoa usingizini na asubuhi kwenye kipimo ukakuta milimita sita.

Basi nikatafuta kipima mvua. Nikaambiwa shule ya msingi ya jirani iliwahi kuwa nacho. Kweli kilikuwepo, kile cha shaba, kimewekwa maua ya plastiki juu ya meza ya mwalimu. Kioo chake cha kupimia kilishavunjika siku nyingi. Mwalimu wa sayansi akacheka akasema, "Afisa, kama unakitaka kichukue, ila ungekuja ukawafundisha hawa watoto ingekuwa bora zaidi, maana wanakariri tu." Nikaona ana hoja. Mimi nahudumia zaidi ya kijiji kimoja, siwezi kusimama kwenye kila shamba saa tatu asubuhi. Watoto wapo kila siku, na kila mmoja anarudi kwenye nyumba yenye jembe.

Tulivyotengeneza vipimo

Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kunyooka, igeuze mdomo chini na uichomeke kwenye ile sehemu iliyobaki, hapo umepata kikombe chenye faneli. Hilo watu wengi wanalijua. Kosa linakuja hapa: wanachukua rula, wanaibandika ubavuni, wanasoma sentimita. Sasa chupa hizi zina mikunjo na tumbo, na kitako chake kina mabonde. Rula itakudanganya.

Sisi tunapima kwa ujazo. Watoto wanapima upana wa mdomo wa faneli pale juu. Chupa zetu zilikuwa sentimita 9. Nusu yake ni 4.5, ukizidisha kwa yenyewe unapata 20.25, zidisha kwa 3.14 unapata eneo la sentimita za mraba 63.6. Mvua ya milimita moja ikiingia kwenye mdomo huo inatoa maji mililita 6.36. Kwa hiyo ukikuta mililita 127 ndani ya chupa, gawa kwa 6.36, unapata milimita 20. Maji tunayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 10 au 20, lile la duka la dawa za mifugo. Mwalimu wa hisabati aliniambia hajawahi kuona darasa zima linataka kufanya hesabu ya eneo la duara bila kulazimishwa. Walikuwa wanagombania bomba.

Chupa ifungwe kwenye kigingi imara, mdomo uwe juu ya ardhi walau sentimita 30 ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Iwe mbali na mti au nyumba, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Watoto wa kwanza waliifunga chini ya mwembe, eti isiibiwe. Tukawaacha wiki mbili, tukaweka nyingine katikati ya uwanja, wakalinganisha wenyewe. Mwembe ulikuwa unakunywa mvua kabla haijafika kwenye chupa. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Kusoma ni saa tatu kamili asubuhi, kila siku, inyeshe isinyeshe. Siku kavu wanaandika 0, na hiyo sifuri ni kazi, si siku ya kupumzika. Hili lilikuwa gumu kuliko hesabu. Mtoto akikuta chupa kavu anaona hakuna cha kuandika, anaacha mstari mtupu. Mwisho wa mwezi hujui kama siku ile haikunyesha au hakuna aliyepima. Jumamosi na Jumapili tuliweka zamu kwa wanaokaa karibu na shule.

Ukishawapa namba, wape maana yake shambani. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba kama 4,047. Kwa hiyo milimita 20 kwenye ekari ni lita zaidi ya 80,000. Kuna msichana mmoja ambaye kila siku alikuwa anachota maji kisimani kwa ndoo ya lita 20. Alikaa kimya, akapiga hesabu yake pembeni, akasema, "Ni ndoo elfu nne." Darasa likatulia.

Tuliongeza na vitu vingine kidogo kidogo. Kitambaa chepesi cha nailoni juu ya mti mrefu kuonyesha upepo, na mawe manne yaliyopakwa chokaa chini yake kuonyesha pande za dunia. Hapo kumbuka kuwaeleza kwamba upepo unaitwa kwa jina la upande unakotoka, kitambaa chenyewe kinaelekea upande wa pili. Nusu ya darasa watakosea mwezi mzima, usikate tamaa. Kipimajoto viwili kivulini, kimoja kikavu na kingine kitako chake kimefungwa utambi wa pamba uliochovya kwenye kikopo cha maji. Tofauti kati ya viwili hivyo inakwambia hewa ina unyevu kiasi gani. Kiangazi kikali tofauti inakuwa kubwa, digrii tisa, kumi, kwa sababu utambi unakauka haraka na kukaushika kwake kunapooza kipimajoto. Mvua zikikaribia kweli, tofauti inapungua. Bibi zetu wanasema "leo kuna fukuto". Ni kitu kilekile, ila sasa kina namba.

Barometa hatukuwa nayo na siisikitikii. Vitabu vya jiografia vinaipamba sana, mgandamizo ukishuka mvua inakuja. Huko nchi za baridi inafaa. Kwetu karibu na ikweta mgandamizo wa hewa unapanda na kushuka mara mbili kila siku kwa mzunguko wake wa kawaida, saa nne asubuhi uko juu, alasiri uko chini, ziwe mvua au jua. Mwanafunzi atakayeifuata atatabiri mvua kila siku saa kumi jioni.

Kwa nini mvua ya kwanza inadanganya

Kupima ni nusu ya somo. Nusu nyingine ni kujua mvua inatoka wapi, na hapo tulitumia mpira wa makaratasi na tochi ya simu.

Jua la utosini linahama. Mwezi wa tisa tarehe 23 hivi linavuka ikweta kwenda kusini. Ule ukanda ambapo pepo za kaskazini na pepo za kusini zinakutana, ambao watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, wanauita ukanda mvua, unalifuata jua kwa nyuma. Mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili unapita maeneo ya kaskazini na pwani ya kaskazini, wenzetu wanapata vuli. Unashuka huku kwetu na kusini zaidi. Kisha unarudi kaskazini, na mwezi wa tatu hadi wa tano wale wenzetu wanapata masika. Ndo maana wao wanapata misimu miwili na sisi Dodoma, Singida, Tabora, Iringa, Mbeya, Ruvuma na wengine tunapata mmoja mrefu, wa kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, unaoitwa msimu. Mtoto akiona kwenye mpira namna ukanda unavyopita kwao mara mbili na kwetu unageuka tu, haulizi tena kwa nini shangazi yake wa Moshi anavuna mara mbili.

Sasa ile mvua yangu ya mwezi wa kumi na moja. Kabla ukanda haujatulia juu yetu, ardhi imechemka, unyevu umeanza kuingia kidogo, alasiri wingu moja linapanda kama moshi wa tanuru, linanyesha kijiji hiki na kuacha kile. Ni mvua ya joto la siku ile, haina kitu nyuma yake. Upepo wa kesho yake ni uleule mkavu wa kusini-mashariki uliotutawala kiangazi chote. Hiyo ndo alama niliyowafundisha watoto wangu waitazame: baada ya mvua ya kwanza, upepo umebadilika au umerudi palepale? Kipimajoto cha utambi kimebaki karibu na mwenzake au vimeachana tena?

Wataalamu wa kilimo wana kanuni ya kusema msimu umeanza: mvua isiyopungua milimita 20 ndani ya siku moja hadi tatu, na isifuatiwe na ukame wa zaidi ya siku kumi hivi katika siku thelathini zinazofuata. Sehemu ya kwanza unaisoma kwenye chupa. Sehemu ya pili iko mbele, hujaiona. Hapo ndo utabiri unapoanza, na hapo ndo niliponyooka kichwa kichwa ule msimu wa pili.

Kwa sehemu hiyo ya pili tunatumia taarifa za TMA. Wana utabiri wa msimu wanaoutoa kabla mvua hazijaanza, wa siku kumi, na wa kila siku. Mwalimu anapakua kwenye simu, watoto wanausoma na kuutafsiri kwa maneno ya nyumbani. Neno lililotusumbua ni "wastani". Baba wa mtoto akisikia mvua itakuwa ya wastani anaelewa itatosha. Kumbe kwenye taarifa zile wastani ni kuanzia asilimia 75 hadi 125 ya mvua ya kawaida ya miaka mingi ya eneo hilo. Tukapiga hesabu: kama kawaida ya mahali ni milimita 550, basi 413 ni wastani, na 687 nayo ni wastani. Kwa 413 ukipanda mahindi ya siku nyingi umeumia. Kwa mtama wa muda mfupi kama Macia unaweza kuvuna. Neno moja, maghala mawili tofauti. Tena jumla yenyewe haikwambii imegawanyikaje. Huku kwetu tunajua mwezi wa pili unavyoweza kukata mvua wakati mtama unabeba.

Na utabiri wa eneo kubwa hauwezi kukwambia wingu litamwagia shamba la nani. Tulikuwa na chupa pale shuleni na nyingine kitongoji cha pili, kama kilomita tatu. Siku moja shuleni walisoma milimita 31, kule wakasoma 6. Watoto wa kitongoji wakaambiwa wamemwaga maji. Kulikuwa na ugomvi kidogo.

Kijana aliyetabiri jua kila siku

Kila mwanafunzi alipewa ukurasa wake wa kutabiri: jioni unaandika kesho itanyesha au haitanyeshi na kwa nini, asubuhi unajisahihisha. Mwezi wa kumi na mbili tukafanya mashindano. Mshindi alikuwa kijana mmoja mtundu sana wa darasa la saba. Alipatia siku 22 kati ya 31. Wenzake waliokuwa wanakesha wanaangalia mawingu walipata 19, 18. Nikafungua ukurasa wake. Kila siku kaandika neno lilelile: "Haitanyesha." Sababu: "Kwa sababu."

Darasa lilipiga kelele kwamba ameiba. Hakuiba. Mwezi ule mvua ilinyesha siku 9, siku 22 zilikuwa kavu, yeye akakaa upande wa wengi. Nikawauliza, huyu mngempa shamba alilinde? Wakasema hapana. Kwa nini hapana na ameshinda? Tulikaa kwenye swali hilo kipindi kizima na sikuwasaidia. Mwishowe msichana yule wa ndoo elfu nne akasema tuhesabu zile siku za mvua peke yake, kati ya 9 yeye kapatia ngapi? Sifuri. Aliyepata 18 kwa jumla alikuwa amepatia siku 6 za mvua kati ya 9. Tokea siku hiyo tunaandika safu tatu: mvua uliyoiona ikija ikaja, mvua iliyokuja hukuiona, na mvua uliyoitangaza haikuja. Nikwambie ukweli mwalimu unayesoma hapa, hata kama huna chupa wala kipimajoto, fanya zoezi hili.

Safu hizo tatu tulizitumia pia kwa dalili za wazee, na hapa naomba nieleweke, sikwenda kuzicheka. Watoto walitumwa nyumbani kuuliza, wakarudi na dalili nyingi: mwezi uliozungukwa na duara, siafu kuhama, mbuyu kutoa majani, korongo kufika, mwembe kuzaa sana, vyura. Tukaziweka zote ukutani na kila moja ikapewa safu zake. Kumbikumbi zilitolewa mapema, maana watoto waligundua zinatoka baada ya mvua kunyesha, haziitabiri, zinaitangaza. Duara la mwezi halikufanya vizuri. Fukuto la usiku pamoja na upepo uliolegea vilifanya vizuri. Mbuyu na mwembe ni dalili za msimu mzima, msimu mmoja unakupa alama moja tu, kwa hiyo hizo zinahitaji daftari la miaka kumi na tano na si la darasa moja. Zimebaki ukutani bila jibu.

Siku tulipokosea

Msimu wa kwanza wa chupa ulikwenda vizuri mno. Mvua ya kwanza tulisoma milimita 12. Ubao wa shule ukaandikwa USIPANDE. Siku tisa kavu. Kisha zikaja 15, kesho yake 8, upepo ukageuka, ubao ukaandikwa PANDA, na waliofuata ubao walipata mmea mzuri. Bibi mmoja anayelea mjukuu wake wa darasa la sita aliniita, "Mbukwenyi bwana shamba," akanionyesha mtama wake, akasema mwaka huu amepanda kwa kusikiliza mtoto. Mimi nikavimba kichwa, na watoto wakavimba zaidi.

Msimu uliofuata, wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, tukasoma milimita 22 kwa siku mbili. Kanuni inasema panda. Utabiri wa siku kumi ulionyesha mvua chache. Darasa likagawanyika, wakapiga kura, wakaamua kusubiri, na mimi niliwaunga mkono, nikikumbuka yule mama wa mlenda. Wakaandika USIPANDE kwa herufi kubwa.

Mvua haikukatika. Ilikuja ndogo ndogo, 4, 7, 5, inatosha kabisa kubeba mche. Waliopanda siku zile walitangulia. Waliosubiri ubao walikuja kupanda wiki mbili baadaye kwenye matope, na mwisho wa msimu mvua ilipokata mapema mtama wao ulikuwa ndo unajaza punje. Magunia yalipungua, si kidogo.

Baba mmoja alikuja shuleni. Alikuwa na jembe mkononi, nadhani alitoka nalo shamba tu, lakini mwalimu mkuu alitoka nje haraka. Alisema, "Nimemsomesha mtoto, sasa mtoto ananipangia njaa." Kijana wake alikuwa amesimama pale anatazama chini. Mwalimu mkuu alitaka chupa zing'olewe siku hiyohiyo, na kwa kweli simlaumu.

Niliomba daftari. Nikamfungulia yule baba ukurasa wa siku ile, maana watoto walikuwa wameandika kila kitu. Ilionyesha kura: wa kusubiri 26, wa kupanda 11. Mtoto wake alikuwa kati ya wale 11. Aliandika kwamba upepo umegeuka na vipimajoto viko karibu, kwa hiyo yeye angepanda. Nyumbani lakini alipeleka jibu la ubao, kwa sababu alidhani la wengi ndo sahihi. Baba akasoma taratibu, akamuuliza mwanawe, "Mbona hukuniambia hili?" Kijana akasema, "Hukuniuliza baba, uliuliza ubao umesemaje."

Tukakaa chini ya mwembe, mwalimu mkuu, baba yule, wazazi wengine wawili na mimi. Nilikiri kwamba kosa halikuwa la kupima. Kosa lilikuwa kuchukua kitu chenye uwezekano, tuseme saba kwa kumi, tukakiandika ubaoni kama amri. Saba kwa kumi maana yake mara tatu utakosea, na aliyekosea mara tatu hizo ana watoto wa kulisha. Isitoshe, kutoa utabiri kwa umma ni kazi ya TMA kisheria, si ya darasa la saba wala ya bwana shamba. Sisi tunajifunza na kupima, na tunapeleka vipimo vyetu pale panapofanyika uamuzi, yaani nyumbani. Yule baba akasema maneno ambayo sasa nayatumia mikutanoni: kama angejua ni saba kwa kumi, angepanda ekari moja akabakiza moja.

Chupa hazikung'olewa. Ubao ndo ulibadilika. PANDA na USIPANDE zilifutwa. Sasa unaandikwa mvua ya jana, jumla ya siku tatu, siku kavu zimefika ngapi mfululizo, upepo unatoka wapi, unyevu umeshuka sentimita ngapi kwenye shimo la shule, na TMA wanasemaje kwa siku kumi zijazo. Chini yake darasa linaandika kura yake kama ilivyo, wangapi wanaona hivi na wangapi vile. Wazazi wengi wanasimama kusoma wakipita kwenda mashineni. Wengine wanabishana pale pale, na mabishano yao mengi yana maana kuliko mikutano yangu.

Kwa mwalimu au mwenzangu afisa ugani anayetaka kuanza, anza mwezi wa tisa, wakati kuna sifuri tupu, ili watoto wazoee kuandika kabla mvua haijawapa msisimko. Chupa tano, kwa sababu mbili zitaibiwa na moja itapasuka kwa jua. Bomba za sindano tatu. Daftari moja gumu lenye jalada, lisiwe karatasi za kuchanika, na likae ofisini chini ya ufunguo, maana chupa unatengeneza nyingine kwa dakika kumi lakini daftari la msimu likipotea limepotea. Andika jina la aliyepima kila siku. Akikosea, mwache arekebishe kwa kukata mstari mmoja juu ya namba ya zamani, isifutwe.

Yule mama wa ekari mbili bado ananiuliza kila mwaka, "Bwana shamba, nipande?" Siku hizi nikifika kwake namuuliza kwanza chupa imesoma ngapi. Anayo yake sasa, mjukuu ndo aliyemfungia, kwenye kigingi nyuma ya zizi. Mara ya mwisho alinijibu milimita tisa, akaongeza kwamba yeye hapandi kwa tisa, na kama nina haraka ya kupanda nikapande kwangu.